Adabu ya Kula Pamoja

Adabu ya chakula ni jambo ambalo kila mtu hudhani analijua, kwa kuwa alifundishwa tangu utoto wake. Mama alimwambia: Nawa mikono, ngoja mkubwa aanze, kula mbele yako, usiseme na tonge kinywani, usiinuke kabla ya wenzako. Mambo hayo twawafundisha watoto wetu pia, nasi twaona haya wakiyasahau mbele ya mgeni. Lakini mtoto akituuliza, Kwa nini? wengi wetu hatuna jibu ila hili: Ndiyo desturi. Wala jibu hilo halitoshi. Desturi za nchi si moja; lililo heshima kwa watu hawa ni aibu kwa watu wale. Ikiwa adabu ni desturi tu, basi kijana aliyehamia mji mwingine ana haki ya kuiacha kama aachavyo nguo iliyochakaa. Tena, hatuna neno la kumwambia mtu yule ashikaye desturi zote sawasawa, naye ni mchoyo.

Kwa hiyo yatupasa tuulize: je, katika adabu ya chakula mna wema na haki ndani yake, au ni sura ya nje tu?

Tuanze kwa kutenga sura na kiini. Wako waliodhani, hasa baada ya misheni na shule kuingia katika nchi ya Konde tangu mwaka 1891, ya kuwa adabu ya chakula ni meza, kiti, kijiko na uma, na ya kuwa mtu alaye kwa mkono juu ya mkeka hajastaarabika. Dhana hii haina msingi. Mwaka 1530 mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam alitoa kitabu kidogo kwa Kilatini cha kuwafundisha watoto adabu, nacho kilienea katika nchi nyingi za Ulaya. Watu wa Ulaya wa siku zile walikula kwa vidole, na mara nyingi katika chombo kimoja, na Erasmus aliwaonya watoto wasiwe wa kwanza kupeleka mkono chomboni. Hata mwaka 1611 Mwingereza Thomas Coryat alipotoa kitabu cha safari zake, aliwasimulia wenzake habari za uma aliouona Italia kama jambo geni kabisa. Basi uma ni chombo, wala si wema. Mtu aweza kuushika vizuri sana, naye akawapokonya wenzake chakula kwa uma huo huo. Lakini onyo lile la kutokimbiza mkono chomboni, mama wa Talatala humpa mtoto wake hata leo, ingawa hakusikia kamwe jina la Erasmus. Mahali ambapo watu wa mbali sana wamefundisha neno moja pasipo kuagana, yafaa tutafute sababu yake.

Sababu yenyewe hatuhitaji kuiendea mbali. Tazameni sinia moja ya wali wetu wa Kyela, pamoja na bakuli la mbasa au usipa, nao watu watano wamekaa kuizunguka. Mmoja wao ni kijana mwenye nguvu, tena mkono wake ni mwepesi. Mwingine ni mzee asiye na meno mengi. Wa tatu ni mtoto. Wa nne ametoka katika ugonjwa. Wa tano ni mgeni, naye ana haya. Chakula kimekwisha kupimwa jikoni, hakitaongezeka. Basi kila tonge alichukualo kijana kwa haraka limetoka katika fungu la mwingine. Na hao wengine hawatasema neno, maana kunung'unika kwa ajili ya chakula ni aibu kubwa kwetu. Mzee atasema ameshiba. Mgeni atasema alikula njiani. Mtoto atanyamaza, akiogopa kuitwa mlafi.

Hapo ndipo tuonapo kazi ya adabu. Hakuna baraza lililohukumu kesi ya tonge. Hakuna askari asimamaye kando ya sinia. Aliye dhaifu hana kinga yo yote ila adabu ya aliye na nguvu. Tukizichunguza amri za mama moja moja, twaona ya kuwa nyingi zimewekwa kwa ajili hiyo. Kula mbele yako: ndio mpaka wa shamba, uliowekwa juu ya sinia. Ngoja mkubwa aanze: ili mbio zisiwe ndizo zinazogawa chakula. Usichague nyama, mwache mkubwa aigawe: ili kila mmoja apate kipande chake, hata yule asiyethubutu kunyosha mkono. Usiinuke kabla ya wenzako: maana wenye nguvu wakisha kuinuka, yule alaye polepole huona haya kuendelea, naye huondoka na njaa. Hata ile amri ya kunawa mikono ni ya kumlinda mwenzio na uchafu wako. Basi adabu ya chakula ni haki iliyofanywa ndogo kiasi cha kuingia katika kiganja cha mkono.

Katika nchi ya Wanyakyusa jambo hili lilijulikana tangu zamani, nalo lina jina lake: ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, kula na kunywa na kuongea nao. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi hii kati ya miaka 1934 na 1938 wakichunguza desturi zake, na kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kilipewa jina lenye maana ya neno hilo. Humo ameeleza jinsi wavulana walipopata umri wa miaka 10 au 11 walivyotoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na baadaye vibanda hivyo vikawa kijiji cha rika lao. Walilala huko, lakini walikwenda kula kwa mama zao. Wala hawakwenda kila mmoja peke yake, bali kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama hakumpikia mwanawe tu, alilipikia rika. Mvulana aliyejia chakula peke yake siku zote hakusifiwa. Vijiji vile vya rika havipo tena kama vilivyokuwa, lakini fundisho lake halijafutika: mtu hujifunza kuwa mtu kwa kula na wenzake.

Lakini kitabu hicho kimeeleza na jambo la pili, wala haifai tulifiche. Watu walikula pamoja na kugawiana nyama kwa sababu ya furaha, na pia kwa sababu ya hofu. Iliaminiwa ya kuwa wachawi hutamani nyama na maziwa, na ya kuwa mtu alaye vinono peke yake huamsha hasira ya majirani, na hasira hiyo yaweza kumletea ugonjwa. Basi mtu alichinja akawapelekea jirani, huku moyo wake umegawanyika: nusu yake wapenda, na nusu yake waogopa. Hapa twafika kwenye swali lililo gumu. Je, adabu itokayo katika hofu ni adabu?

Wengine hujibu upesi kwamba si kitu. Mimi sithubutu kusema hivyo. Tumbo la jirani haliulizi nyama imetoka katika moyo wa namna gani, likishiba, limeshiba. Tena mtu huanza mambo mengi mema kwa kuogopa, kisha huyapenda. Mtoto huacha kukimbiza mkono kwa kuogopa jicho la babaye. Akikua, huacha kwa kuwa amemwona ndugu yake mdogo. Lakini hofu ina upungufu wake, nao ni mkubwa: hofu humkumbuka yule anayeogopwa tu. Humpelekea nyama mwenye sauti, na mwenye cheo, na mwenye kudhaniwa kuwa na nguvu za siri. Yeye asiyemtisha mtu hapelekewi kitu. Tena hofu ya namna ile imezaa dhuluma, kwa maana anayeogopwa leo hupewa nyama, na kesho hushitakiwa uchawi. Kwa hiyo hofu yaweza kuwa mlango wa kuingilia adabu, lakini haiwezi kuwa nyumba yake.

Wako pia wanaosema: adabu ya chakula ni unafiki, kwa kuwa watu wawili wachukianao hukaa sinia moja, wakakaribishana kwa maneno matamu. Wazee wa Kiswahili walilijua jambo hilo, wakasema: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Maana yake, usimhesabu kila mlaji mwenzio kuwa rafiki wa siku ya taabu. Neno hilo ni kweli. Lakini tazameni: mtu amchukiaye mwenzake, naye akamwachia fungu lake la nyama, hakumdanganya. Amemtendea haki pasipo kungoja mpaka moyo wake upende. Hilo si unafiki, bali ni kuutawala moyo. Unafiki ni kumkaribisha mtu kwa maneno, na kumnyima kwa mkono.

Basi tukitaka kujua kama adabu ya mtu ni ya kweli, tuipime kwa kipimo gani? Haifai kuipima mbele ya wageni, maana mbele ya macho ya watu hata mlafi hujizuia. Kipimo ni fungu la asiyekuwapo. Mtu huyo amemwachia nini yule asiyeonekana katika sinia?

Naye asiyekuwapo ni nani? Mara nyingi yu karibu sana. Ni mama aliyepika, ambaye bado yu jikoni katika moshi. Ni watoto waliotumwa maji. Ni kijana aliyekwenda ziwani kuvua, au aliyebaki shambani akiwafukuza ndege katika mpunga. Ni mgonjwa aliye chumbani. Katika nyumba nyingi za nchi yetu wanaume hula kwanza, na wageni pamoja nao. Wanawake na watoto hula baadaye, na pengine hula yaliyosalia. Wanaume hao waweza kuzishika amri zote za mama: wamenawa, wamengojana, wamekula kila mtu mbele yake, wamesema Ndaga. Kisha wakaondoka, na sinia nyeupe. Kati yao hapana aliyemdhulumu mwenzake. Wote pamoja wamemdhulumu aliyewapikia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa mwenye njaa huyo ni mkewe, upande wa pili wa ukuta wa udongo.

Jambo hili si geni katika kanisa. Ndilo lililowapata Wakristo wa Korintho katika karne ya kwanza. Walikutana kula pamoja. Wenye mali wakatangulia kula vyakula vyao, na maskini wakaona njaa. Mtume Paulo alipowaandikia hakuwafundisha namna ya kushika tonge, bali aliwaamuru wangojane. Aliona ya kuwa karamu isiyomngoja maskini si karamu ya Bwana, ijapokuwa imefanywa kwa jina lake.

Tena tuitazame nyumba ya Martin Luther huko Wittenberg. Baada ya kuoana na Katharina von Bora mwaka 1525, meza yao ilijaa wanafunzi na wageni, nao wakayaandika maneno ya Luther aliyoyasema wakati wa chakula. Mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake, maneno hayo yalitolewa kuwa kitabu, nacho chasomwa hata leo. Lakini chakula kile kilitoka wapi? Katharina ndiye aliyesimamia bustani, na mifugo, na utengenezaji wa bia, na fedha za nyumba, hata watu wote wale wakashiba. Maneno ya mezani yamejaza kitabu. Kazi ya jikoni haikuandikiwa kitabu. Basi tukumbuke ya kuwa kila meza nzuri ina mtu aliyeiandaa ambaye hasikiki, na adabu ya kwanza ni kujua ya kuwa yupo.

Sasa tuseme neno juu ya mgeni na mwenyeji, maana hapo adabu huwa ngumu kuliko mahali po pote. Tuseme mgeni amefika kwa mjane katika miezi ile ambayo ghala ni tupu na mpunga mpya haujavunwa. Mjane ana kuku mmoja, naye kwa heshima amemchinja. Mgeni afanyeje? Akikataa, amemwaibisha, maana amemwambia kwa kitendo: Wewe u maskini mno hata usiweze kunikaribisha. Akila mpaka kushiba, amekula chakula cha watoto wake. Wengine husema, Kula tu, ndiyo furaha yake. Wengine husema, Kataa, ndiyo huruma. Mimi naona njia zote mbili ni nyepesi mno. Mgeni mwenye adabu hula, na kusifu, na kushukuru, kwa kuwa heshima ya mwenyeji ni mali yake, wala haifai kuipoteza. Lakini husema, Mama, tafadhali waite watoto tule nao. Naye huacha nyama katika bakuli kabla hajaulizwa kama ameshiba. Wala hafanyi makuu ya kuacha kwake, asije akamfanya mjane aone haya. Kisha, akirudi kwake, hukumbuka. Mkungu wa ndizi waweza kupelekwa, au samaki, au siku moja ya kumsaidia kupalilia. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni mwema hangoji kupewa jembe. Hujua mahali lilipowekwa.

Yako na mambo mapya yaliyotujia. Kipindupindu kilipoenea Tanzania tangu Agosti mwaka 2015, na tena ugonjwa wa korona ulipoingia Machi mwaka 2020, watu walifundishwa kunawa kwa maji yatiririkayo badala ya kuchovya mikono yote katika beseni moja, na wengi wakaanza kula kila mtu katika sahani yake. Wako walionung'unika, wakasema ya kuwa undugu umevunjika na sinia moja imekufa. Lakini tukishika kiini, hatutaogopa kubadili sura. Ikiwa sinia moja iliwekwa ili tupendane, mtu mwenye ugonjwa atiaye mkono wake ndani yake kwa kuogopa kuitwa mwenye majivuno, ameishika desturi na kuivunja adabu. Yeye ajitengaye siku chache ili asiwadhuru wenzake, anakula pamoja nao kwa kweli, ingawa amekaa peke yake.

Hata hivyo sahani ya peke yangu ina hatari yake, nayo twaiona katika arusi na misiba ya siku hizi. Watu husimama mstari mmoja, kila mtu na sahani yake, kukielekea chakula. Walio mbele hujaza nyama mpaka sahani haionekani. Walio nyuma hukuta mchuzi na mifupa. Na wa nyuma ni nani? Ni vijana waliobeba maji na kuni, na wanawake waliopika tangu alfajiri. Mtu aliyejaza sahani hudhani hakumkosea mtu, kwa sababu hakutia mkono katika sahani ya jirani. Lakini sahani ni nyingi, na chungu ni kimoja. Zamani mlafi alionekana, kwa kuwa mkono wake ulipita mbele ya macho ya wenzake; leo amefichwa na sahani yake. Kwa hiyo yatupasa kuwafundisha watoto wetu amri moja zaidi ambayo mama zetu hawakuwa na haja ya kuitamka: Kabla hujapakua, geuka nyuma, uhesabu waliobaki.

Wala tusidhani ya kuwa mafundisho hayo ni ya maneno tu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alitia sala ya kabla ya chakula na sala ya baada yake, baba wa nyumba awafundishe watu wake. Sala hiyo, pamoja na kumshukuru Mungu, hufanya kazi nyingine iliyo wazi: huwangojesha wote. Mwenye mbio na mwenye polepole, mkubwa na mtoto, wote mikono yao imetulia kwa muda mmoja. Katika kimya kile kidogo mtu ana nafasi ya kutazama kama wote wamefika. Afungaye macho kwa sala na kuyafungua kwa kutazama nyama kubwa iko wapi, ameipoteza nafasi hiyo.

Basi ndugu, toka Talatala hata Matema, tuwafundishe watoto kunawa, na kungoja, na kula mbele yao. Mambo hayo ni mema, wala yasiachwe. Lakini tuwaambie na sababu yake, wasije wakayatupa watakapoona desturi nyingine. Nasi wanaume tuanze kwetu. Jioni hii, chakula kikiletwa, kabla ya kumega tonge la kwanza, tuulize jikoni: Mama, ninyi mmebakiwa na nini? Na jibu likiwa ni kimya, turudishe bakuli.